Gazeti lenye vumbi la kijani: kisa cha uyoga wa masika, Moshi

Bakuli lililetwa na binti wa kaka yangu Jumamosi moja ya Aprili, saa saba na nusu mchana, limefunikwa kwa sahani ya plastiki. "Shangazi, mama amesema usiache upoe."

Ndani kulikuwa na uyoga wa karanga, mzito, mafuta yameelea kidogo juu. Nilikuwa nimeshakula makande, na mbele yangu kulikuwa na rundo la madaftari ya kidato cha pili. Nikaweka bakuli kwenye friji, nikarudi kwenye kalamu nyekundu. Saa kumi kasoro dakika kumi kaka akapiga simu. Hakusalimia.

"Umekula ule uyoga?"

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara msikilizaji huishia palepale: basi, uyoga wa porini msile. Jibu hilo haliniridhishi. Wifi yangu amekula uyoga wa porini tangu akiwa mgongoni kwa mama yake huko Urambo, Tabora. Kati ya watu wote waliomo humu, mimi mwalimu wa baiolojia nikiwemo, yeye ndiye aliyekuwa anaujua uyoga kuliko wote. Asiyejua akikosea hakuna la kuchambua. Ninachotaka kukitafuta ni mahali alipoteleza anayejua.

Wa kwao na wa huku

Kwetu Uru, mlimani juu ya Moshi, uyoga haukuwa chakula cha kutafutwa. Uliota kihambani kwenye mabaki ya migomba, sisi watoto tukaupiga teke. Msimamo wa mama yangu mpaka leo ni mmoja: "Kitu kilichoota bila kupandwa, mimi sikiweki mdomoni." (Mnafu wa kujiotea anakula vizuri tu, ila usimkumbushe.)

Urambo ni habari nyingine. Kule ni nchi ya miombo, mvua zikianza mwishoni mwa mwaka watu wanaingia porini na vikapu. Kuna uyoga wa kichuguu. Kuna ule wa njano kama kiini cha yai. Kuna pia mkubwa wenye pete shingoni na mfuko mguuni, wa ukoo wa Amanita, ambao katika nchi za miombo, Zambia na Zimbabwe zikiwemo, huuzwa hadi barabarani na watu wanaula vizazi na vizazi. Hapo pana jambo la kushika. Ukoo huohuo wa Amanita ndio wenye uyoga unaoua kuliko wote duniani, na alama yake kubwa ni huo mfuko mguuni. Vitabu vyote vinasema ukiuona mfuko, acha. Mtu aliyelelewa kwa chakula cha miombo haogopi mfuko, na ana haki ya kutouogopa, akiwa kwao.

Tofauti iko kwenye miti. Uyoga mwingi wa miombo huishi kwa ubia na mizizi: kuvu anaushika mzizi kwa nyuzi nyembamba, anapokea sukari kutoka kwa mti, naye anaupa mti maji na madini. Mtundu, mmojawapo wa miti ya miombo, ukiwepo na kuvu wake yupo. Pasipo mtundu hayupo, hata mvua inyeshe vipi. Mji wa Moshi una mijakaranda, migrevilea, mikaratusi na misonobari; mitundu ya Urambo huioni. Na uyoga unaoota chini ya misonobari ni mgeni aliyekuja na msonobari wenyewe, kwenye udongo wa miche. Mmojawapo wa wageni hao ni Amanita phalloides, mzaliwa wa Ulaya, ambaye amekwisha kurekodiwa hapa Tanzania kwenye misonobari iliyopandwa. Kofia yake ni ya kijani iliyofifia au manjano, pengine nyeupe kabisa. Ana pete shingoni. Ana mfuko mguuni. Kwa macho ya mtu wa Urambo ni kama kukutana na ndugu ugenini.

Hili si la kwetu peke yetu. Canberra, Australia, mkesha wa kuamkia mwaka 2012, mpishi aliyetoka China aliuokota uyoga huohuo akidhani ni ule wa mabua ya mpunga wanaoula kwao, ambao nao una mfuko. Watu wawili walikufa. Naye alikuwa anaujua uyoga wake.

Katika orodha nzima ya wifi, ambao kweli ni mwenyeji wa Urambo na wa Moshi pia ni uyoga wa kichuguu. Huo hautegemei mti wowote, unategemea mchwa. Na ndio aliodhani ameupata.

Ijumaa jioni

Wifi anafanya usafi kwenye nyumba moja Shanty Town, mtaa wa mijakaranda na ua mpana wa nyasi za kukatwa. Masika yalikuwa yamekolea, wiki ya pili au ya tatu ya mvua za usiku na jua la asubuhi. Kumbikumbi walikuwa wamesharuka, na kwake hiyo ni saa inayogonga: kumbikumbi wakiruka, uyoga uko njiani. Pembeni mwa uzio pana kichuguu cha zamani ambacho mtunza bustani hukipunguza kwa jembe kila mwaka, nacho kila mwaka hujijenga upya. Hatua chache kutoka hapo, katikati ya nyasi, uyoga mkubwa mweupe ulikuwa umejipanga kama nusu duara. Uliokomaa kofia zake zilifikia upana wa sahani, na magamba ya kahawia yamekusanyika kileleni. Uliokuwa bado umefumba ulisimama kama maiki.

Aliuvunja kwa mkono, usawa wa nyasi.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuchimba, maana mwenyewe huniambia kwao mtoto wa kike akirudi na uyoga wa kichuguu uliovunjika mguu anachekwa. Akanijibu, "Nyasi za watu zile, wifi. Ningechimba ningeulizwa." Kisa chote kimekaa hapo, nami sioni sababu ya kumlaumu. Ujuzi wake ulikuwa na sehemu mbili, jicho na kijiti cha kuchimbia, na sehemu ya pili aliiacha kwa adabu ya kazini.

Akiwa anatoka kwenda kupanda daladala, chini ya misonobari iliyopandwa kando ya njia, akaona mashina mengine matatu. Nayo akayavunja juu kwa juu, akayatupia kwenye mfuko uleule.

Nyumbani aliutandaza wote juu ya gazeti mezani, kurasa za kofia zikiangalia chini, usipate joto ukaharibika. Kurasa ndilo jina ninalovipa vile vibapa vyembamba vilivyojipanga chini ya kofia kama daftari lililofunguliwa. Darasani wanafunzi wananielewa nikisema hivyo. Asubuhi alipouinua akakuta juu ya gazeti miduara ya vumbi la kijani, kijani cha kijivu, kama unga wa mlonge uliomwagika ukapangwa kwa mistari. Akalifuta kwa kiganja. Alidhani ni rangi ya nyasi.

Kaka akauliza kama ana uhakika. Wakaufanyia vipimo viwili ambavyo nchi nzima inavijua. Cha kwanza, funza: kofia mbili zilikuwa na vijitundu, kwa hiyo wadudu wameshaonja na hawajafa. Cha pili, kitunguu: ukiuchemsha na kitunguu kisipogeuka cheusi, uyoga ni salama. Kitunguu hakikugeuka.

Vipimo hivi vinaua watu. Konokono hula Amanita phalloides akaendelea na safari yake, kwa sababu tumbo la konokono si tumbo la mtu. Na sumu ya uyoga haina ugomvi wowote na kitunguu, wala kitunguu saumu, wala kijiko cha fedha, wala mchele. Kitunguu hugeuka rangi kwa mambo yake ya jikoni. Cha kusikitisha ni kwamba kipimo cha kweli kilikuwa kimekwisha kufanyika usiku, bila mtu kukipanga, na majibu yakaandikwa gazetini. Lile vumbi ndizo mbegu za uyoga, na rangi yake ni kama hati ya utambulisho. Uyoga wa kichuguu hutoa vumbi la waridi hafifu. Amanita hutoa jeupe. Vumbi la kijani hutolewa na uyoga mmoja mkubwa wa nyasi, Chlorophyllum molybdites, unaopenda bustani za kukatwa katika nchi za joto na ambao unalaza watu wengi hospitalini. Unapokuwa mchanga kurasa zake ni nyeupe kabisa, ndiyo maana hudanganya; ukijani huja na umri.

Saa tisa kasoro robo

Walikaa mezani saa saba na robo: kaka, wifi, binti wa miaka kumi na mmoja, mdogo wake wa miaka sita, na mama yangu aliyekuwa ameshuka kutoka Uru kwa ajili ya kliniki ya macho. Mama alikula ndizi. Binti alikula mchuzi zaidi na vipande viwili vya uyoga. Wengine walikula vizuri, kaka akaongeza.

Mtoto mdogo alianza saa tisa kasoro robo. Alisema tumbo, akatapika kabla hajafika mlangoni. Wifi akafuata kama nusu saa baadaye, kisha kaka, naye akiwa na mimi kwenye simu. Kutapika, kuharisha maji, tumbo kunyonga kiasi cha mtu kukunjamana sakafuni. Binti tumbo lilimuuma tu.

Nilipofika mama alikuwa ameshika kikombe cha maziwa anamlazimisha mjukuu. Nyumba ngapi za Tanzania hazifanyi hivyo? Mtu amekula sumu, mpe maziwa. Kwa sumu ya uyoga maziwa hayazimui chochote, na mtoto anayetapika akinyweshwa kwa nguvu anaweza kuyavuta mapafuni. Nikamwambia, "Mama, shikamoo, naomba hicho kikombe." Alinipa, lakini jicho alilonitazama nalo nalikumbuka.

Nilifanya mambo matatu na moja nililifanya vibaya. Nilirudi mbio kuchukua bakuli langu kwenye friji. Nikapekua ndoo ya taka nikapata gazeti na maganda, pamoja na kofia moja mbichi iliyokuwa imedondoka chini ya meza. Hayo mawili mazuri. La tatu, saa za kila mtu nilitaka kuzikumbuka kichwani badala ya kuziandika, na kwenye bajaji nikawa tayari nimeshachanganya ya wifi na ya kaka. Andika. Hata kiganjani.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, mtulivu, na maswali yake yalinifurahisha hata katika hali ile. Mmekula saa ngapi? Nani amekula kiasi gani? Wa kwanza kuumwa ameanza saa ngapi? Kuna masalia? Nikampa mfuko. Akalikunjua gazeti juu ya meza, akalitazama lile duara la kijani, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona sahihi anayoifahamu.

Akatueleza hesabu ambayo nadhani kila nyumba inayokula uyoga wa porini ingeijua. Hesabu huanzia pale mlipokula. Uyoga unaoleta kutapika ndani ya saa moja hadi tatu mara nyingi unatesa lakini hauui, hasa maji yakirudishwa mwilini mapema. Wa kuogopwa ni ule unaokaa kimya. Amanita phalloides huchukua saa sita hadi ishirini na nne kabla ya kusema lolote. Mtu anakula mchana, analala vizuri, anaamka usiku wa manane anatapika. Kisha, na hapa ndipo ukatili wake ulipo, siku ya pili hupata nafuu, anaomba chai, ndugu wanamrudisha nyumbani wakishukuru Mungu. Wakati huo sumu inakula ini. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kukausha wala kukaanga, na nusu ya kofia inaweza kumtosha mtu mzima.

Kwa hesabu hiyo ya mtoto, saa moja na nusu, na kwa gazeti lile, kila kitu kilielekeza kwenye uyoga wa nyasi. Dripu zikatundikwa. Kaka akaanza hata kutania.

Mashina matatu

Kama saa moja usiku wifi akanivuta mkono. "Wifi, ile ya kwenye misonobari sikumwambia."

Kisa kikabadilika hapo. Ile hesabu nzuri ya saa hufanya kazi mfuko ukiwa na aina moja. Mfuko ukichanganya aina mbili, ile inayotesa mapema inaifunika inayoua baadaye. Mnatapika saa tisa, mnapewa maji, mnapona jioni, mnaona yamekwisha, kumbe kuna saa nyingine ambayo ndiyo kwanza inahesabu. Na mtu ambaye angechelewa kugundua ni yule aliyepona haraka.

Nikamwita daktari. Akamuuliza wifi ilikuwaje. Nyeupe iliyoelekea kwenye majimaji ya tango. Pete? Ilikuwepo, moja ilikuwa nayo. Na chini, mguuni, kulikuwa na nini?

Wifi akanyamaza, kisha akasema, "Chini nilikuacha chini."

Alama mbili kubwa kuliko zote katika kazi hii ziko ndani ya udongo. Ile nzuri, mzizi wa uyoga wa kichuguu, iko ndani ya udongo. Ile mbaya, mfuko wa Amanita, nao uko ndani ya udongo. Anayevunja usawa wa nyasi anarudi nyumbani na kofia na nusu mguu, yaani ile sehemu ambayo aina kwa aina hufanana zaidi, na ushahidi anauacha shambani. Baada ya hapo jicho lake, hata liwe la miaka arobaini, linakisia.

Bakulini kwangu hakukuwa na msaada. Uyoga uliochanwa na kupikwa kwa karanga hautambuliki. Daktari akaamua kuwahesabu wote wanne, pamoja na binti ambaye alikuwa haumwi tena, kama watu waliokula ule mbaya, mpaka damu iseme vinginevyo. Wakapewa mkaa wa hospitali, ule mweusi unaonywewa kunasa sumu iliyobaki tumboni, kwa dozi za kurudiarudia. Vipimo vya ini vikachukuliwa usiku ule, vikarudiwa Jumapili, vikarudiwa tena Jumatatu. Jumapili mchana ilikuwa mbaya kuliko Jumamosi. Jumamosi walikuwa wanaumwa na tulijua wanaumwa nini. Jumapili walikuwa wamekaa kitandani wanakula uji, mtoto anacheza na mpira wa dripu, na kila mtu mzima katika chumba kile anamwangalia mwenzake macho.

Majibu ya Jumatatu yalikuwa safi kama yale ya kwanza. Waliruhusiwa jioni. Yale mashina matatu yalikuwa nini, hatutajua kamwe. Nilipita chini ya misonobari ile Jumanne, mvua na miguu ya watu vilikuwa vimeshamaliza kila kitu.

Kijiti

Jumanne hiyohiyo tulikwenda wote wawili hadi Shanty Town. Safari hii wifi aliomba ruhusa ya kuchimba, na mwenye nyumba, aliposikia sababu, alileta kijembe mwenyewe. Tulichimba shina moja kati ya yale mapya. Mguu uliishia kwenye uvimbe mdogo kama kitunguu kibichi, chini kidogo ya nyasi. Hakukuwa na mzizi. Pete yake ilikuwa imelegea, unaisukuma juu na chini ya mguu kwa kidole kama bangili. Na ule mpangilio wa nusu duara nao ulikuwa unasema kitu: kuvu huyu hutambaa chini ya nyasi kuanzia kitovu kwenda nje, akichanua hutokeza mviringo. Kichuguu cha pembeni hakikuhusika. Kilikuwa jirani tu.

Wifi aliutazama muda mrefu. "Hata ncha hana," akasema, kama mtu anayemsema aliyemdhulumu.

Ncha ni ile sehemu ngumu iliyochongoka katikati ya kofia ya uyoga wa kichuguu, inayotoboa udongo kutoka chini. Nikamwambia anieleze yeye sasa, mimi niwe mwanafunzi. Tulisubiri Jumapili mbili, kisha tukaenda shambani kwa shemeji upande wa Kahe, kule tambarare ambako vichuguu ni virefu kuliko mtu. Kwenye ubavu wa kimoja kulikuwa na mashina saba, kofia za kijivu-kahawia kila moja na ncha yake. Wifi akapiga magoti, akachonga tawi likawa na makali, akaanza kuondoa udongo kuzunguka mguu mmoja kwa utaratibu wa mtu anayetoa mwiba. Mguu ulipaswa kuisha. Haukuisha. Ulizidi kwenda chini, ukawa mwembamba, mgumu, rangi imekuwa ya kahawia, mpaka mkono wa wifi ukazama hadi kiwiko, na hapo ukakatika bado unaendelea.

Mwisho wake uko chumbani kwa mchwa. Mchwa hawa hawawezi kusaga miti na majani makavu peke yao. Hutafuna, hutoa tumboni, hujenga kwa uchafu huo kitu kama sega la nyuki, na juu ya sega hilo hulea kuvu anayelainisha kila kitu mpaka kiwe chakula chao. Hupalilia, huondoa kuvu wengine, hulinda joto na unyevu. Mvua zikikolea kuvu naye hupandisha mguu wake juu kutafuta hewa, nasi tunamwita uyoga. Kuna ndugu yake huko Zambia ambaye kofia yake hufikia mita moja kwa upana.

Yote saba yaliingia kwenye kikapu na mizizi yake. Jioni tulikata kofia moja, tukaiweka juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, tukafunika kwa bakuli, tukalala. Rangi mbili za karatasi ni kwa sababu vumbi jeupe halionekani kwenye karatasi nyeupe, na jeupe ndilo unalotaka kuliona mapema. Asubuhi: waridi hafifu, kama ufizi wa mtoto mchanga.

Basi tukapika, na hapo mimi sikuruhusiwa kugusa kitu. Uyoga wa kichuguu hauloweki. Unakwangua udongo kwa kisu, unausuuza harakaharaka, unauchana kwa mkono kwa urefu kama kuku. Unaingia sufuriani bila maji. Kwanza unalia maji yake mwenyewe, unayaacha yakauke, ndipo mafuta, kitunguu, nyanya moja isiyozidi. Moto wa wastani, dakika ishirini au zaidi, maana uyoga wa porini mbichimbichi unasumbua tumbo hata ukiwa salama. Karanga zilizosagwa zinakorogwa kwa maji ya uvuguvugu pembeni kisha zinaingia mwishoni pamoja na chumvi, na kutoka hapo mwiko hauondoki. Harufu yake iko kati ya nyama na udongo uliotoka kunyeshewa. Kipande kimoja tulikiacha kibichi kwenye friji, na mzizi wake, kikiwa na karatasi yenye saa ya kula. Hilo sasa ni sharti la nyumba.

Tuliweka ugali, na kwa mama ndizi zake. Kaka alitazama sufuria kama mtu anayemsalimia mdeni wake. Mama akaomba aletewe ile karatasi ya waridi, akaigeuza, akauchukua na mzizi uliokuwa umewekwa dirishani, akaupima kwa mkono wake kutoka kidoleni mpaka kiwiko.

"Na huu nao," akauliza, "umepandwa na nani?"

"Na mchwa, mama," wifi akajibu.

Mama akafikiri. Akaegama mbele, akachukua kipande kimoja kwa vidole, akakitafuna kwa muda mrefu huku sote tumekaa kimya, akakimeza, akarudi kwenye ndizi zake.